Gego la Zornitsa

Jino lilikuwa limeoza juu, lina mizizi mirefu, imeachana kama karoti iliyogawanyika ardhini. Daktari aliliweka juu ya pamba akanionyesha, nami nikaliangalia tu. Meno ya utoto yakitoka hayana mizizi hivyo. Nimeyaokota mengi, nayajua.

Mjukuu wangu Zornitsa, miaka tisa, yuko kitini, mdomo umepinda kwa ganzi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Hili la ukubwani, mzee Spas," daktari akasema. "Haliji lingine."

Ngoja niwaambie ilivyokuwa. Sisi huku Bulgaria, jino la mtoto likitoka unalirusha juu ya paa, unamwomba kunguru achukue hilo la mfupa, alete la chuma. Nilirusha ya binti yangu Violeta, nikarusha na ya Zornitsa. Violeta yuko Hispania, anaosha vyombo hotelini, mtoto kaniachia mimi tangu bibi yake yuko hai, Mungu amrehemu, alikuwa anajua kupika yule. Basi Zornitsa ana miaka sita, muuguzi akaja shuleni na karatasi. Wanataka kupaka magego ya watoto utandu, uzibe vile vijishimo vya juu, chakula kisinase, jino lisioze. Bure. Mimi nitie sahihi tu.

"Gego gani la ukubwani?" nikamwambia. "Huko nyuma halijang'oka hata moja!"

"Hilo huota nyuma ya mengine, mzee. Halisubiri lolote ling'oke."

"Dada, mimi mchungaji, nimesoma umri wa kondoo kwa meno yao miaka arobaini, leo unifundishe meno? Hayo ya utoto. Kunguru ataleta ya chuma!"

Kina mama pale getini wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikajiona mjanja. Karatasi nikairudisha haina hata alama.

Miaka mitatu hiyo.

"Na magego mengine?" nikamwuliza daktari.

"Moja limeanza kuoza, nitaliziba siku nyingine. Mawili mazima. Nipake?"

"Paka."

Akayasugua, akayakausha kwa upepo, akapaka kitu cheupe kama maziwa, akamulika taa ya buluu. Hakuna sindano. Ni muda wa kumenya tufaha.

"Ndo hivyo tu?"

"Ndo hivyo tu, mzee."

Nikashika kofia yangu. Nikamshika Zornitsa mkono, tukatoka.

Kituoni tukingoja basi, Violeta akapiga simu.

"Baba, mpe niongee naye."

"Hawezi, ana ganzi. Wameng'oa gego, la ukubwani. Kulikuwa na kinga, Violeta. Walileta shuleni bure. Mimi ndiye niliyekataa."

Nikasikia sahani zinagongana huko aliko, mtu anamwita, yeye haitiki.

"Amekula?" akauliza.

"Bado. Mpaka ganzi iishe."

"Mpe supu, Baba. Isiwe ya moto."