Moshi Bado Unaelekea Kanisani

Manyunyu yalikatika asubuhi ya siku ya tatu, joto likapanda, na bonde zima likapotewa na akili. Kila mtu alitandaza chini nyasi za mifugo yake zikauke. Mimi nikaanza kuzitundika zangu mbichi kwenye chanja za waya, tabaka juu ya tabaka, ile ya juu iwe paa la zilizo chini.

Jirani yangu Sjur akasimama mpakani na uma wake. "Torkjell! Jua hilo linatoka, wewe watundika kama nguo za bibi arusi?"

"Moshi wa jiko langu bado unaelekea kanisani."

"Moshi! Mvua imekwisha, mzee. Au unangoja mfalme akupe ruhusa?"

"Mfalme hajawahi kunipa kitu."

Mambo ya moshi alinifundisha marehemu mke wangu, Gunnvor. Alisema mvua yetu ina miguu miwili. Kwanza hewa ya joto toka baharini inapanda juu ya ile ya baridi, inanyesha taratibu. Kisha kunatulia, kunakuwa na fukuto, na hapo ndipo watu wanajidanganya. Nyuma yake inakuja hewa ya baridi kuifukuza. Moshi usipoliacha kanisa na kugeuka kuelekea kinu cha kusagia nafaka, mguu wa pili haujapita.

Sasa mabwana wa hali ya hewa wa mji wa Bergen wanayasema hayo hayo, wakayapa jina la kijeshi: mstari wa mbele. Nchi yetu haikupigana vile vita vikuu vilivyokwisha juzi, basi wamejitafutia vyao angani. Karatasi yao ya utabiri ilibandikwa mlangoni kwa Borghild, mpokea simu wa kijiji: mstari wa pili, adhuhuri. Nilisonya. Wakubwa ni wakubwa. Wakati wa ile homa ya mafua iliyoua wengi, boti yao ya daktari ilifika siku ya nne, Gunnvor yuko kaburini.

Lakini nyasi zingeoza, ningemchinja Dagros kabla ya theluji kwa kukosa cha kumlisha. Dagros ni ng'ombe wa Gunnvor, alimlea tangu ndama kwa kumnyonyesha maziwa vidoleni. Nikaendelea kutundika.

Saa sita kulikuja weusi wa mawingu toka magharibi, umenyooka kama ukingo wa meza. Ngurumo moja, kisha maji ya ndoo. Nilikaa ghalani na jibini yangu, sikuharakisha kutafuna.

Mvua haikutimiza saa nzima. Baridi ikaingia, mbingu ikawa bluu, moshi ukalala kuelekea kinu. Nyasi zangu zilimwaga maji kwa nje tu. Za Sjur zilikuwa zikielea.

Alikuja ameloa mpaka masharubu. "Cheka tu."

"Nimeshacheka. Waya ninao mwingi, twende."

Tulitundika zake mpaka jioni, upepo mkavu ukipita katikati. Aliniuliza moshi unasomwaje. Nikamwambia.

Kesho yake nilikwenda kwa Borghild. Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akiniomba niwe mtu wa kuwapelekea Bergen habari za upepo, nami nikikataa.

"Umewasamehe?" akauliza.

"Wala. Andika: upepo wa kaskazini magharibi, anga safi. Na kwenye jina la mtazamaji, andika Gunnvor."