Ukelele wa Kibatari

Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa mvulana wa miaka tisa. Si kazi mbaya. Mvulana wa miaka tisa haumwi mgongo, hapiki, haulizwi na watu kwa nini amenenepa, na akidondoka kutoka ghorofa ya kumi na mbili anajipangusa magoti na kuendelea na maneno yake. Mimi nikishuka ngazi tatu napumzika.

Mvulana mwenyewe ni Kibatari, yule shujaa wa katuni ambaye akibana pumzi anawaka mwili mzima. Sura wanachora wengine. Sauti ni yangu. Tulipoanza tuliambiwa ni vipindi kumi na vitatu tu, kisha kila mtu ashike njia yake. Wapi. Katuni ilizaa. Ikazaa Kibatari Mchanga, ambamo shujaa bado ananyonya, nami nikashinda kutwa mbele ya maikrofoni nikisema agu. Ikazaa Babu Kibatari, ambamo ana mvi na bado anawaka, ila anachelewa kushika. Ikazaa Dada Kibatari, ikazaa Kibatari na Maroboti, ikazaa hata Kiberiti, ambayo ni ya mbwa wake peke yake, na mbwa naye ni mimi. Kuna kipindi kimoja ambamo wote hao waliketi meza moja wakagombana. Siku hiyo niligombana na nafsi yangu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, na nikashindwa.

Siri ya kazi yetu ni kabati la miguno. Mwaka wa kwanza fundi wa sauti, ambaye kila mtu anamwita Waya kwa jinsi alivyo mwembamba, alinirekodi nikiguna kwa kila namna: kuruka, kutua, kutafuna, kupiga chafya, kupigwa teke la tumbo. Miguno mia nne na kumi na miwili, kila mmoja na namba yake. Tangu hapo, yeyote akianguka katika katuni zetu, Waya anachukua mguno kabatini na kuubandika. Roboti likidondoka ngazini, huyo ni mimi namba sabini na nane. Hata mlango wa ngome ya Profesa Ukungu, adui wetu, ukifunguka ni mimi nikinyoosha mgongo.

Namba moja ndiyo ule ukelele. Mnaujua. Hakuna uwanja wa shule ambao haujapigwa ukelele ule. Unaanzia chini kama mtu anayesukuma kabati la nguo, unapanda, unapasuka katikati, halafu mwisho kinatoka kicheko kidogo cha mshangao. Kibatari akiupiga, anawaka. Matangazo ya mwanzo yalisema ukelele huo ulitokana na utafiti wa miezi mitatu juu ya sauti za wanyama wakali. Utafiti gani. Ulikuwa uchungu wa kuzaa. Nilikuwa na mimba ya miezi tisa na ubishi wa miaka ishirini na minane, nikajiambia nitamaliza kurekodi kipindi cha kwanza ndipo nikajifungue, na uchungu wa kwanza ukanishika ndani ya chumba cha kurekodia, kanda ikizunguka. Mkurugenzi wa wakati ule aliruka kwa furaha. Alidhani naigiza. Waliojua ni wawili tu, mimi na Waya, na tukanyamaza, kwa sababu mkurugenzi alikuwa keshatangaza habari za wanyama wakali.

Mtoto aliyezaliwa siku hiyo naye nilimnyamazia, kwa namna yake. Koo ndilo jembe langu, na jembe halitumiki ovyo. Nyumbani nilikuwa siongei. Mwanangu nilimlea kwa vikaratasi na kupiga makofi: kofi moja njoo, mawili chakula tayari, matatu umefanya nini tena. Nilijiona mama hodari. Sasa yeye ni mkaguzi wa mizani, anapita madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, na hakuna muuza sukari anayemdanganya. Hajaolewa, hacheki ovyo, na katuni zangu hazitazami.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita. Wakubwa waliamua kutengeneza filamu ya sinema ambamo Kibatari wote, mchanga, babu, dada na yule wa maroboti, wanakutana kumkabili Profesa Ukungu kwa mara ya mwisho. Wakamleta kijana wa kuisimamia. Tunamwita Bwana Mkakati, maana hata akienda kunywa maji anao mkakati. Aliniita ofisini kwake Jumatatu.

"Mama," akasema, "ukelele wa zamani una mvumo. Kwenye sinema utasikika kama mtu anakaanga kitu. Tunataka mpya, safi, lakini uwe ule ule."

"Nitaupiga."

"Ijumaa saa tatu. Na tusifichane, mama yangu. Kuna msichana wa miaka ishirini na mitatu anaiga sauti zote za Kibatari, na mbwa pia. Ukelele ukikushinda, tutampa yeye kila kitu."

Nikatoka pale kichwa juu. Nilipofika chooni nilifunga mlango nikakaa kitako. Bila Kibatari mimi ni nani? Mwanamke wa miaka hamsini na tisa asiyejua kupiga soga.

Jumanne na Waya tulijifungia chumba cha kurekodia. Nilipiga ukelele mara arobaini. Waya alisikiliza kila mmoja, akafungua daftari lake, akatikisa kichwa.

"Huo ni namba hamsini na tatu, dada. Kuteleza kwenye ganda."

"Na huu?"

"Mia moja na tisa. Kuona buibui."

"Nikanyage mguu."

Akanikanyaga. Waya ni mzito kama mwavuli, tena alikuwa amevaa soksi tu. Nikacheka. Akanimwagia maji ya barafu mgongoni bila kunionya, nikapiga yowe lililotikisa kioo, nikamtazama kwa matumaini. Alikuwa anapekua daftari.

"Mia mbili na sita," akasema kwa huzuni. "Tunao."

Jumatano jioni mwanangu alipitia kwangu kama kawaida yake. Alinikuta ndani ya kabati la nguo, kwa sababu makoti yanameza sauti na majirani wanalala kwa amani. Nilikuwa nimejishika tumbo, nasukuma.

"Mama, unafanya nini humo?"

Kwa mazoea nikapiga kofi moja.

"Mimi si mtoto," akasema. "Ongea."

Nikamweleza habari za Ijumaa. Aliketi kitandani, sanduku lake miguuni, akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia.

"Unajua ukelele ule ukikaribia nilikuwa nazima sauti ya televisheni kwa woga? Kila siku. Wenzangu mama zao walikuwa wanawagombeza mpaka mtaa unajua. Mimi nikitaka kukusikia nawasha katuni. Na hata huko unamgombeza Profesa Ukungu."

Iliniuma. Ningekuwa na adabu ningenyamaza, lakini miaka yote nilinyamaza penye kuongea, basi na siku hiyo nikaongea penye kunyamaza. Nikamwambia ukelele ule ulitoka wapi.

Alinitazama kama anavyotazama mzani wenye sumaku chini yake.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na robo asubuhi."

"Mimi nimezaliwa saa kumi jioni. Ulifika hospitali saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa nne na robo mpaka saa saba ulikuwa wapi?"

"Kulikuwa kumebaki mistari minane," nikasema. "Na mmoja ulirudiwa."

Akasimama, akachukua sanduku lake. "Kwa hiyo hata siku hiyo nilikuwa kwenye foleni," akasema, na akaondoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Alhamisi nilimpigia simu mara tano. Hakupokea. Sikufanya zoezi hata moja, nilikaa jikoni nikatazama ukuta.

Ijumaa saa tatu tulikuwa studioni, Bwana Mkakati na saa yake, Waya na mitambo yake, mimi na koo langu. Nilikuwa ndiyo kwanza navaa hedifoni mlango ukafunguliwa, akaingia mwanangu na sare yake ya kazi, beji kifuani, sanduku mkononi. Bwana Mkakati alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Afande, sisi hapa hatuuzi chochote kwa kilo," akasema.

"Nimekuja kusikiliza kanda," akasema mwanangu. "Ile ya kwanza. Yote, isiyokatwa."

Waya akanitazama kupitia kioo. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda stoo, akarudi na kanda yenye vumbi la miaka thelathini na moja, akaifunga kwenye mtambo wa zamani ambao hajawahi kukubali utupwe.

Mvumo. Kisha ukelele, ule ule, unapanda, unapasuka, kicheko. Kisha kishindo cha kiti, na sauti ya Waya akiwa kijana: "Dada, tuite gari?" Na sauti yangu, si ya Kibatari, yangu mwenyewe: "Bado mistari minane." Halafu mtu anahema, na ile sauti yangu tena, chini kabisa, karibu na maikrofoni lakini haiiambii maikrofoni. "Nisubiri kidogo, mwanangu. Usiogope. Anayepiga kelele ni mimi. Hii ndiyo sauti yangu, izoee." Pumzi moja zaidi, kisha Kibatari, kwa furaha zote za dunia: "Profesa Ukungu, leo umekwisha."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo.

"Rudisha nyuma," mwanangu akamwambia Waya. Waya akarudisha mpaka kwenye ukelele. "Siyo hapo. Baada yake." Alisikiliza mara tatu, amesimama wima, sanduku mkononi kana kwamba akiliweka chini kitu kitaharibika. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujipangusa.

Bwana Mkakati hakuwa mjinga. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaitazama kanda, nikaona kabisa mkakati unavyomwingia.

"Ni wewe," akamwambia mwanangu. "Siku hiyo ni wewe. Jamani, hii ni zaidi ya filamu. Nawaona nyinyi wawili jukwaani siku ya uzinduzi. Kanda inapigwa yote, na yale maneno ya chini. Ukumbi mzima unalia. Na wewe mama, nani atathubutu kukutoa baada ya hapo? Miaka mitano mingine, naandika leo. Mvumo tutauacha. Mvumo ndio ukweli wenyewe."

Waya alikuwa anatabasamu. Na mimi nilitaka, nisiwe mwongo. Miaka mitano ya kuruka maghorofa, ya kuwa mtoto na babu na mbwa, na kesho kutwa kuamka na mahali pa kwenda.

Nikamgeukia mwanangu. "Wasemaje?"

"Ni kazi yako, mama," akasema. "Fanya unavyoona." Alisema kama mtoto aliyeambiwa ampishe mgeni kitanda chake, na ambaye amezoea.

Nikavua hedifoni. "Hapana," nikasema.

"Hapana kivipi?" akauliza Bwana Mkakati.

"Ukelele ni wenu, miaka yote ni wenu, utumieni mpaka uchakae. Yale maneno ya baada yake hamkuyaandika nyinyi, na sikuwa nasema na nyinyi. Yana mwenyewe."

"Mama, unaelewa kwamba bila hayo, na bila ukelele mpya, sina sababu ya kukubakiza? Nitampigia msichana sasa hivi."

"Mpigie. Mwambie mbwa abweke kwa kupumzika, asikaze koo."

Akatoka nje na simu yake. Waya, ambaye katika maisha yake hajawahi kuvunja sheria hata ya kutovaa viatu studioni, akachukua wembe, akakata kanda baada ya kile kicheko, akakata tena kabla ya Profesa Ukungu, akaunganisha ncha mbili kama fundi anavyounga. Kile kipande akakikunja mviringo mdogo, akampa mwanangu mkononi.

"Hiki hakina namba," akamwambia. "Hakimo kwenye hesabu zetu."

Tukatoka. Barabarani jua lilikuwa kali na sikujua nishike upande gani, maana saa nne asubuhi siku ya kazi sijawahi kuwa barabarani. Mwanangu akasema kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tukaanza kutembea, na nikaanza kuongea. Sikujua ninaongea nini. Nilimweleza bei ya nyanya, nikamweleza alivyokuwa na nywele nyingi alipozaliwa hata mkunga akaita wenzake, nikamgombeza kwa kutonipokelea simu, nikamgombeza kwa viatu vile, nikamsimulia jirani yangu aliyenunua geti kubwa kuliko ukuta wake. Nilimgombeza kwa mambo ya darasa la tatu. Yeye alikuwa anajibu ndiyo mama, hapana mama, na sanduku lake alikuwa amelihamishia mkono wa pili ili anishike.

Kwenye kona ya mwisho sauti ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakatika kila baada ya maneno mawili.

"Mama," akasema, "sauti inakwisha."

"Iishe," nikasema, na nikaendelea kumweleza habari za lile geti.