Kikaratasi cha Mbadili-sura

...na kikaratasi chenyewe kilikuwa kimejikunja kwa urefu, hilo ndilo aliloliona yeye wakati wenzake wanasikiliza maneno, kimejiviringisha kama bomba jembamba kwenye vidole vya mkutubi, ilhali vile alivyovikata mwenyewe jana karakanani kwa ajili ya mchezo huu vilikuwa vinajikunja ncha kwa ncha, kama soli ya kiatu iliyoachwa juani, na hilo si jambo dogo, karatasi ina nyuzi zake, zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, haijikunji ovyo, mtu aliyejalidi vitabu miaka ishirini na miwili analijua hilo hata akiwa amefumba macho, kwa hiyo kikaratasi hiki hakikutoka kwenye rundo la jana, kilitoka kwenye rundo jingine, na rundo jingine liko mahali pamoja tu, kwenye droo ya jikoni nyumbani kwake, chini ya viberiti, na nyumbani kwake wanaishi watu wawili, yeye na mkewe, na yeye hakukiandika. "Nasoma tena, kwa faida ya wenye masikio mazito," mkutubi alisema, akashusha miwani hadi nchani mwa pua, "'Mimi ni wa kabila la wabadili-sura. Si kwamba napenda kugeuka. Ni kwamba yupo mtu ambaye akiingia chumbani hutazama mikono yangu kabla ya uso wangu, na mimi nimeshageuka kile anachokitafuta kabla hajakipata.' Mwisho. Haya jamani, nani huyu?" na feni ya darini ikaendelea kukwaruza, krr, krr, na shemeji yake akapiga mluzi wa chini, "Duh, huyu kaandika kwa damu," na wote wakacheka, mkewe naye akacheka, alicheka sekunde moja baada ya wengine, au nusu sekunde, yeye alikuwa amemwekea jicho la pembeni na aliiona hiyo nusu sekunde ikipita kama panya ukutani. Swali lilikuwa la mkutubi, na lilikuwa swali la kitoto, ndivyo alivyoliona wiki iliyopita walipopewa, katika makabila yote tuliyokutana nayo vitabuni mwaka huu, majitu, nguva, watu warefu wa msituni wasiozeeka, watu wafupi wanaochimba chini ya mlima, wabadili-sura, wewe ungekuwa wa kabila lipi na kwa nini, andika kwa herufi kubwa, usiweke jina, tumbukiza kwenye kopo la biskuti, na kama kawaida ya Jumamosi zao za kusoma vitabu pamoja kikisomwa kimoja kila mtu atakisia mwenye kikaratasi ni nani, hata aliyekiandika atakisia ili kuwapoteza wenzake, na anayekataa kukisia atachomoa chake mwenyewe koponi na kukisoma amesimama, hiyo ndiyo adhabu, na katika miaka minne hakuna aliyewahi kuilipa, maana kukisia ni rahisi, unataja mtu yeyote tu, mnacheka, yanaisha. Cha kwanza kilikuwa cha majitu, na kabla hakijafika katikati wote walishamnyooshea kidole shemeji, kwa sababu nani mwingine angeandika kwamba anapenda majitu kwa vile hayaulizwi yanakula nini, na shemeji, ambaye ni fundi umeme na kaka wa tumbo moja wa mkewe, akainuka akainama kama mwigizaji jukwaani. Na sasa hiki. Akiingia chumbani... nani anaingia chumbani kwa mkewe, kama si yeye? Au kuna chumba kingine? Walimu wana chumba chao, mkewe anafundisha hesabu, yupo mwalimu mkuu, huyo naye huingia, huyo naye ana macho, lakini mwalimu mkuu hutazama saa ya ukutani, hivyo ndivyo mkewe mwenyewe alivyomsimulia, alisimulia lini? zamani, siku hizi hasimulii, siku hizi anarudi, anaweka mkoba juu ya kiti, anauliza umekula, na ule mkoba... Mwezi wa pili aliufungua. Si kwa nia mbaya, alikuwa anatafuta kalamu, alijiambia anatafuta kalamu, akakuta kitabu cha mtu mwingine, riwaya ya wabadili-sura hao hao, imepigiwa mistari kwa penseli, mistari myepesi iliyopigwa kwa rula, na nani katika dunia hii anapiga mstari wa riwaya kwa rula kama si mfamasia, yule aliyekaa pale mkabala naye sasa hivi, shati limepigwa pasi hadi kwenye mifuko, mikono imefumbatana juu ya meza kama vyombo vilivyokaushwa. "Zamu yako, Daktari," mkutubi alimwambia mfamasia, wanamwita Daktari kwa utani na yeye kila mara hukataa, na safari hii hakukataa, alijibu upesi, "Wewe mwenyewe, Mkutubi, umekiandika wewe, mtu anayekutazama mikono ni yule msimamizi wenu anayetafuta wino kwenye vidole," na watu wakacheka, lakini upesi wa nini? Mtu asiye na neno hufikiri kwanza, hukuna kidevu, huyu alikuwa na jibu tayari mfukoni, na anayekuwa na jibu tayari anamkinga mtu, hakumtazama mkewe hata kidogo, na kutomtazama mtu aliyekaa mbele yako ni kazi, inataka shingo ngumu. Basi walikitunga pamoja. Walikaa mahali, pale dukani kwake, nyuma ya kaunta, kuna stuli mbili, yeye mwenyewe aliziona alipokwenda kununua dawa ya kikohozi, akajiuliza za nani, na mkewe akasema kuna mtu ananitazama mikono, na mfamasia akaitazama ile mikono, akasema andika... Hapana. Ngoja. Taratibu. Mtu wa kujalidi hakimbilii gundi, kwanza anapanga kurasa, moja, mbili, tatu. Kwanza, karatasi. Droo ya jikoni. Lakini shemeji alikuja nyumbani Jumatatu kurekebisha swichi, akaomba karatasi za kuchorea nyaya, na nani alimchotea konzi nzima kutoka kwenye droo kama si yeye mwenyewe, chukua Shemeji, mabaki tu hayo, na mkutubi je, mkutubi aliomba alamisho za vitabu mwezi uliopita, alimpelekea bahasha, za rundo lile lile, na mfamasia, naam, hata mfamasia, za kuandikia vipimo vya dawa, kwa hiyo rundo la jikoni limetawanyika kwenye chumba hiki chote, liko kwenye kila mfuko, na yeye ndiye aliyelitawanya, na kwa muda mfupi moyo ulimtulia, kisha ukaanza tena kudunda, maana karatasi inaweza kuwa ya yeyote lakini ile nusu sekunde ni ya mkewe. "Mimi namtaja Daktari," shemeji alikuwa anasema, "asubuhi mpole, jioni mkali, ukimwambia huna cheti cha hospitali anageuka simba, mbadili-sura gani zaidi ya huyo?" na mfamasia akasema, "Wewe ulitaka dawa za usingizi uzitafune kama njugu," na shemeji, "Si kwa ajili ya usingizi, kwa ajili ya mke," na mkutubi akagonga kopo kwa kijiko, heshima jamani, heshima, na mkewe akacheka kweli safari hii, kicheko chake kile cha zamani kinachoanzia puani, na yeye akageuka kumtazama, na kicheko kikakatika. Kikakatika kama bomba la maji lililofungwa. Alikuwa amefanya nini? Alimtazama tu. Alimtazama... na macho yake yalikuwa wapi? Yalikuwa mezani, kwenye mikono ya mkewe, kuona kama ina karatasi, kama imeshika kalamu, kama inatetemeka, ni mazoea ya kazi, mtu akiingia karakanani unamtazama mikono kwanza, mwenye mafuta hashiki kurasa, ni mazoea ya kazi tu, miaka ishirini na miwili, lakini jikoni hakuna kurasa. Jikoni mkewe huimba akiosha vyombo, anajua kwamba huimba kwa sababu husikia akiwa bado nje, ufunguo mkononi, wimbo usio na maneno, na akifungua mlango hakuna wimbo, kuna maji tu, na mwanamke anayekausha sahani, na yeye siku zote amejiuliza, anamwimbia nani? Amejiuliza hilo kwa miaka mingapi, akisimama nje mlangoni na viatu vyake, akitega sikio kama askari wa doria nyumbani kwake mwenyewe, na hakuwahi kujiuliza kwa nini wimbo unakoma. Onyesheni mikono... Hilo limetoka wapi? "Mwalimu, zamu yako," mkutubi alisema, na mkewe akasema, "Subiri nifikirie," na akafikiria, akakuna kidevu, na onyesheni mikono, ilikuwa sauti ya baba, baba yake alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, akirudi nyumbani na kofia yake husimama mlangoni kama mlangoni mwa behewa na kusema onyesheni mikono, na wao wanne wanapanga mstari, viganja juu, viganja chini, nani kagusa sukari, nani kagusa redio, na mama naye, mama pale kwenye jiko, hakuambiwa kuonyesha lakini alikuwa akiifuta mikono kwenye kanga hata ikiwa mikavu, na yeye alikuwa na miaka minane, tisa, na alikuwa akisikia viatu vya baba kwenye changarawe anageuka, alikuwa anageuka, hakuna neno jingine, wimbo unaondoka kinywani, mabega yanashuka, anakuwa mtoto wa picha ukutani, mtoto asiyetaka kitu, na siku moja baba alipita akamshika kichwa na kusema huyu ndiye mwaminifu wangu, na siku ile alikuwa na sukari chini ya ulimi. Ikiyeyuka taratibu. Alisimama na utamu ule mdomoni akaogopa kumeza. Kwa hiyo kikaratasi hiki anakijua. Anakijua neno kwa neno, kama angekuwa na akili ya kuandika akiwa na miaka tisa angekiandika hivi hivi, kwa herufi kubwa, na kama baba angekisikia kikisomwa angefanya nini, angetazama kilivyojikunja, angeuliza karatasi imetoka droo gani. "Nadhani ni kaka yangu," mkewe alisema mwishowe, "ameshindwa kuvumilia kuwa jitu peke yake, ameandika viwili," na shemeji akapiga ukelele, "Dada! Unaniuza hadharani!" na kila mtu akacheka isipokuwa yeye, na mkewe aliposema hivyo sauti yake ilikuwa nyepesi mno, nyepesi kama ya mtu anayevuka ubao juu ya mtaro, na yeye aliisikia ile hatua, akaijua, lakini sasa hakujua la kufanya nayo. Ni mkewe. Au siye. Mfamasia naye ana mama yake mzee anayemkagua, wanasema, mpaka mifuko, labda ndiyo maana shati lina pasi mpaka mifukoni, na mkutubi ana msimamizi, na stuli mbili za dukani huenda ni za wagonjwa wanaosubiri, wagonjwa si hukaa? "Haya, Gundi," mkutubi alisema, hilo ndilo jina lao kwake, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu hakuna anachokishika kikaachia kirahisi, "wewe mtaalamu, wewe juzi ulitambua barua ya mtu kwa harufu ya bahasha, tuambie nani," na wote wakamgeukia, na mkewe akageuka pia, na hapo aliona jinsi ilivyo rahisi, jina moja tu, akimtaja mkewe kwa utani watacheka, na mkewe atacheka pamoja nao, na usiku na kesho na kesho kutwa mkewe atajua kwamba amekamatwa, kwamba hata kwenye kopo la biskuti, bila jina, kwa herufi kubwa, hakuna pa kuwekea neno lisiguswe, atatafuta sura nyingine, ndani zaidi, na yeye ataisaka na hiyo, na akimtaja mwingine atakuwa amedanganya, na mkewe ataujua uongo huo pia, ana hesabu kali, atajua amemwachia kwa makusudi, na kuachiwa kwa makusudi ni kukamatwa vile vile. "Macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango," shemeji alisema, "taja, Shemeji, hatuna siku nzima."

"Sijui," alisema.

Feni ikakwaruza, krr, krr, kisha shemeji akapiga meza kwa viganja viwili, "Hajui! Gundi hajui! Andikeni tarehe!" na mkutubi akamtazama juu ya miwani, "Unaijua adhabu, lakini," na yeye akasema anaijua, na mkutubi akamsogezea kopo, na kile kikaratasi akakiweka kifudifudi mezani bila mwenyewe, na yeye akasimama, kiti kikakwaruza, akaingiza mkono, vilikuwa vimebaki vitatu, akakipata chake, na kabla hajakikunjua alikumbuka alichokiandika, na jinsi kilivyompendeza jana alipokiandika, jinsi alivyokisoma mara mbili kwa sauti karakanani akiwa peke yake, akaona aibu ikimpanda kutoka shingoni, lakini alikuwa ameshasimama. "'Mimi ni wa watu wafupi wanaochimba chini ya mlima,'" alisoma, "'kwa sababu wanafanya kazi kwa mikono yao, hawapendi maneno mengi, na wamejenga milango ya mawe, hakuna anayeweza kuwaibia,'" na alitegemea kicheko, shemeji angekuwa na la kusema, ana la kusema siku zote, lakini shemeji alikuwa anajikuna kisogo, na mfamasia alikuwa anatazama meza, na aliyesema alikuwa mkewe, si kwa kejeli, wala si kwa ile sauti nyepesi, aliuliza kama anavyouliza mwanafunzi ambaye hajaelewa hatua moja kwenye hesabu na angependa kuelewa, "Na nani anataka kuwaibia?" na yeye akafungua mdomo kujibu, maana jibu alikuwa nalo, amekuwa nalo miaka yote, akampitia mfamasia, akampitia mwalimu mkuu na saa yake ya ukutani, akampitia shemeji, fundi bomba, jirani wa juu, yule mpangaji wa zamani aliyewahi kumsaidia mkewe kubeba mfuko, akawapitia mmoja mmoja, polepole, akiwa amesimama na karatasi mkononi na watu wanne wanamsubiri, akarudi akaanzia tena mwanzo wa mstari, na hakupata hata mmoja.