Mstari wa Chaki

Bi Swafiya, fundi cherehani wa Rwezamenyo, hakumwamini Nzeyimana tangu siku alipokuja na spana ndani ya kikapu cha sokoni. Fundi gani anabeba spana kama mihogo?

Mashine aliyomwita kuitengeneza ilikuwa Masaka, kwenye kishamba alichoachiwa na marehemu mumewe: rola mbili za mpira, moja juu ya nyingine, za kuponda mabua ya nyasi ili yakauke upesi. Mabua yakipita mazima hukaa na maji siku nne, tano, na mawingu ya masika yalikwisha kutanda. Nyasi zikioza, ng'ombe wake watatu watakula nini kiangazi?

Mara tatu Nzeyimana alikaza springi inayozibana rola. Mara tatu, haikupita wiki, mabua yakatoka mazima.

"Analegeza makusudi nimwite tena," alimnong'oneza jirani yake, Mukagasana. "Mwizi yule!"

Basi Alhamisi, fundi alipokwisha kukaza na kuondoka, Swafiya akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati ya springi hadi kwenye chuma. Nati ikisogea hata unywele, mstari utakatika.

Ijumaa asubuhi, kama ada yake, alitia mafuta cherehani, kisha akaenda Masaka na kikopo kilekile, akapaka kila kinachozunguka, hata rola zikang'aa.

Jumamosi, Nzeyimana na Mukagasana wakitazama, trekta ya kukodi iliivuta mashine juu ya safu moja ya nyasi. Swafiya akaokota bua. Bado zima! Akakimbilia nati, na Nzeyimana nyuma yake. Chaki ilikuwa imenyooka vilevile.

Nzeyimana akapitisha kidole kwenye rola, akakinusa.

"Mama, haya mafuta ya cherehani. Nani anapaka mpira?"

"Natunza mali yangu."

"Kila wiki?"

"Kila Ijumaa," akajibu, sauti imemshuka.

"Mpira unataka ukavu ushike nyasi, mama. Ukiupaka unateleza tu, mwisho unavimba."

Mukagasana akaangua kicheko. "Yewe Swafiya! Na mwizi wako je?"

Walisugua rola kwa sabuni na maji ya moto hadi mpira ukashika kiganja. Trekta iliporudi, mabua yakatoka yamevunjika kila urefu wa kidole. Jua la siku mbili lingetosha, na jua bado lilikuwepo.

Nzeyimana akarudisha spana kikapuni, kisha akainama kwenye nati.

"Na chaki hii, mama, ulikuwa unampima nani koti?"

Swafiya akaufuta mstari kwa ncha ya kitenge.

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Limenibana."