Mkamwana Mwenye Waya za Meno

Mariana alishuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam akiwa ameziba mdomo kwa pindo la kitenge, na Walburga, mama mkwe wake, aliliona hilo kabla hajaiona mizigo. Msichana alipopiga goti kumwamkia, kitenge kikateleza. Meno yake yalikuwa mazima yote, meupe, lakini yamefungwa waya kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kila jino na kichuma chake. Walburga aliitikia marahaba huku macho yameganda palepale.

Njiani kwenda Mjimwema, mtaa aliokaa Walburga, Mariana alieleza mwenyewe. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana tangu utotoni. Siku hizi Dar zimefunguliwa hospitali za watu binafsi, na moja ina daktari anayeyanyoosha kwa waya, anazikaza kidogo kidogo kila mwezi. Zilikazwa tena siku chache kabla ya safari, na sasa hata meno yakigusana tu yanauma. Kwa hiyo mama asishangae akimwona anakula kidogo.

Walburga alimpa pole. Lakini katika maelezo yote yale aliondoka na maneno mawili tu: anakula kidogo.

Alikuwa na sababu. Huyu Mariana alikuwa mke wa pili wa mwanawe Dastan. Wa kwanza, Oliva, alikula ugali na samaki nyumbani kwa Walburga mchana, jioni akashikwa na tumbo, na kulipopambazuka alikuwa maiti. Daktari alisema mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka. Daktari alisema hivyo kwa watu wachache waliokuwa pale wodini. Mtaa mzima ulisikia habari ya ugali na samaki. Tangu hapo hakuna aliyemshitaki Walburga kwa mdomo wake. Waliacha tu kula kwake. Jumuiya ya kanisa ikisali kwake, akina mama walisema wameshiba, wakakubali soda, tena ya kufunguliwa mbele ya macho yao. Walburga akazoea kusoma mikono ya watu na sahani zao kuliko nyuso zao.

Dastan alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya mizigo bandarini, na sasa alikuwa amepelekwa Mwanza kikazi. Ndiyo maana akamtuma mkewe aje akae na mama hadi atakaporudi. Walburga alifurahi kupita kiasi. Aliloweka mahindi na maharage ya makande tangu jana yake, akakaanga dagaa wa Nyasa mpaka wakakauka vizuri, kama Dastan anavyowapenda.

Mariana aliyachota makande kwa ncha ya kijiko, akaweka punje chache mdomoni, akazigeuza geuza bila kutafuna. Machozi yakamlenga. Akameza hivyohivyo, akashukuru, akasema ameshiba.

Kesho yake ugali wa dona ulirudi karibu wote. Mahindi ya kuchoma hakuyagusa kabisa. Akaomba maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaenda kuyasukutua nyuma ya nyumba. Akirudi, Walburga akamwona anafinyanga kitu cheupe kati ya vidole na kukipachika mdomoni, haraka, amegeukia ukutani. Alipoulizwa akasema ni nta ya kufunika waya zisimkwaruze. Jibu lilikuwa zuri. Walburga alijiuliza kwa nini basi ageukie ukutani.

Kisha Mariana akasema, "Mama, upumzike. Kuanzia leo niache nipike mimi."

Mama mkwe mwingine yeyote angefurahi. Walburga aliingia chumbani, akakaa kitandani akiwa hajui afanye nini na mikono yake. Mkamwana mwenye adabu huomba jiko. Mkamwana anayeogopa sumu naye huomba jiko, na kwa maneno hayohayo. Atawatofautishaje?

Akaanza kumvizia. Aliona Mariana akipika wali bokoboko na kula vijiko vichache. Aliona mashavu yanabonyea siku hadi siku. Na alasiri moja, akiwa anaanua nguo, alimwona anapenya kwenye uzio wa matete kwenda kwa jirani yao, Benigna. Walburga akasogea kwenye uzio. Pale barazani kwa Benigna, mkwe wake alikuwa ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili, anakunywa kwa pupa kama mtoto aliyetoka shule.

Benigna ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa chakula cha Walburga baada ya msiba.

Walburga hakugombana uani kwa mtu. Alirudi jikoni, akasonga ugali, akachemsha samaki, akapakua kwenye sahani moja, akamsubiri Mariana mezani. Alipoingia, akamwonyesha kiti. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamega la pili, akala.

"Umeniona nimekula," alisema. "Sasa niambie. Umesikia nini juu yangu?"

Mariana akakaa, akavuta sahani, akamega tonge kubwa kuliko alilopaswa kumega, akalitia mdomoni. Akatafuna mara moja na uso wote ukakunjamana. Alipotoa kitambaa na kujifuta, kilikuwa na damu.

"Fungua mdomo," Walburga alisema.

Alimpeleka dirishani kwenye mwanga, akamshika kidevu. Huko nyuma, kwenye gego la mwisho, ncha ya waya ilikuwa imechomoka na kuingia kwenye nyama ya shavu. Palikuwa pamechimbika, peupe katikati na pekundu pembeni. Nta ilikuwa imekwisha, hapakuwa na cha kuizuia ncha ile tena. Walburga aliona aibu ikimpanda. Lakini hakukiachia kidevu.

"Na Benigna?"

"Aliniambia siku ya pili tu nilipofika," Mariana alisema kwa shida. "Kuhusu Oliva. Mama, meno yananiuma kweli, sikukudanganya. Uji wake nilikunywa kwa sababu ni laini. Na pia niliogopa. Yote mawili."

Walburga hakuwa amewahi kuambiwa jambo hilo ana kwa ana na mtu yeyote. Alitegemea kwamba siku hiyo ikifika atapiga kelele. Badala yake alivuta kiti, akamsimulia habari za Oliva, tangu lile tumbo la jioni mpaka wodini, na maneno ya daktari kama yalivyosemwa. Mariana alisikiliza. Hakusema kama ameamini.

Asubuhi wakaenda hospitali. Mganga wa meno alikiri kwamba waya za namna hiyo huwa hazionekani huku, ila ncha aliweza kuikata kwa koleo lake dogo. Akampa dawa ya maumivu, akamwambia aendelee na maji ya chumvi na aepuke vyakula vigumu. Wakati wa kurudi walipitia sokoni Majengo, wakanunua ndizi mbivu, maparachichi, boga na unga wa ulezi.

Mchana ule Walburga alipika mwenyewe. Alichemsha boga likalainika, akaliponda na maziwa. Samaki akamchambua miiba, akamsaga kwa vidole mpaka akawa kama uji. Alipogeuka kuchukua chumvi aliona Mariana ameketi pale kizingitini, macho yake yanafuata mkono wake kutoka kwenye kopo mpaka kwenye sufuria. Zamani kidogo angekasirika. Alisogeza kigoda karibu na mafiga.

"Kaa hapa," alisema. "Pale moshi unakuzuia kuona."

Mariana akainamisha uso, lakini akahamia pale. Chakula kilipoiva akakila chote, polepole, upande wa shavu zima.

Zamu ya jumuiya kusali kwa Walburga ilifika Mariana akiwa bado hajaondoka. Baada ya sala akina mama wakaanza kusema wameshiba. Mariana akabeba bakuli la boga, akakaa katikati yao bila kujifunika kitenge, akaanza kula. Wakaulizana kuhusu zile waya, akawafungulia mdomo wazione, akawaeleza maumivu yake na alivyokuwa hapati usingizi. Mama mmoja mtu mzima, Ludovika, ambaye naye meno yalimsumbua, akaomba aonjeshwe hicho kitu laini. Akapewa, akala. Wengine wawili wakafuata. Benigna alishika soda yake mpaka mwisho.

Walburga alizunguka na sufuria akiwaongezea, na kila alipopita karibu na mkwe wake alimtazama kwa chini chini. Msichana alikuwa anakula kwa hamu, hilo aliliona. Kama alikula kwa kumwamini au kwa kumhurumia, hilo hakuweza kulisoma usoni wala mkononi, na alijua ataendelea kulitafuta hata Dastan akishamchukua mkewe.