Ugoro Mdomoni mwa Mwanamke wa Ukutani

...haya ulimi wangu, apa, sema haki ya Mungu simwambii mtu, umeapa?, basi ni Kanze, Kanze wa kwaya, ndiye anayempaka ugoro mdomoni yule mwanamke wa ukutani, nimeshamwambia muuza nazi, na dada yake muuza nazi, na asubuhi hii hapa uwanjani kila jicho liko kwa Kanze... Gona mchoraji ameshika ndoo ya chokaa, 'Miezi mitatu nachora, mwanichafulia! Mwenyewe asipojitokeza naufuta ukuta wote!', aufute?, amfute mama?, maana yule ni mama yangu, mrefu kuliko mnazi, kidevu kile, jicho moja dogo kuliko mwenzake, mama aliyekufa kule Tezo bila kupigwa picha hata moja, kabla Gona hajazaliwa, nani alimwonyesha?, siku ya kwanza nilipomwona nikatua beseni langu la mihogo, watu wanakula viazi, wanabishana mpira, na mama amesimama katikati ya Kilifi, akiwatazama wote kama wajukuu zake... na koma, mzazi aliyetangulia, haachwi mdomo mkavu, ndivyo nilivyofunzwa, kila alfajiri nampaka kidole kimoja tu cha ugoro, pokea mama, tulale salama... 'Mimi?' Kanze analia, 'mimi ugoro hata harufu yake yanipigisha chafya!', na mtu auliza, kwani Gona, huyu uliyemchora ni nani?, 'Si ni Hawe Sidi, yule bibi wa mihogo, nilimchora akiwa amekaa pale, nikaona haya kumwambia'... Sidi nani, Sidi mimi?, kioo changu kilivunjika mwaka gani ule, kumbe mama alihamia usoni mwangu kidogo kidogo, bila kupiga hodi, na siku zote hizi nimekuwa nikijilisha mwenyewe, mimi huyu, mfupi hivi, nimesimama mrefu vile mbele ya mji mzima... hakuna aliyejitokeza, anachovya brashi chokaani, ngoja Gona, mguu umeshatoka, watu wanapisha, mgongo wangu ukutani, mkono juu, 'Usimguse!', na kiganja kimefunguka, na ugoro wa leo, niliousahau mle ndani, unapeperuka mbele ya wote, na Kanze, maskini Kanze, ndiye wa kwanza kupiga chafya.