Mashine Isiyokataa

Asubuhi ya maonyesho, mgeni rasmi alibonyeza namba ovyo kwenye mashine ya dripu, na mashine ikamkatalia. Ilionyesha 22, yaani kiwango ulichoingiza hakifai. Mkurugenzi wa kampuni, mtu aliyejua kufunga tai na basi, aliona amevuliwa nguo hadharani.

"Mashine gani hii inajibizana na wakubwa?" alimuuliza mwandishi wa programu.

"Mfumo unakagua kwanza, bosi. Kiwango kikiwa kibovu unakirudisha na namba ya kosa. Kikiwa sawa unarudisha sifuri."

"Basi urudishe sifuri siku zote."

Dada wa watu alikataa. Mkurugenzi akamwondoa kitini, akaufuta ukaguzi wote mwenyewe kwa kidole kimoja, ulimi nje, kisha akajipongeza kwa chai. Tangu hapo mashine haikumkatalia mtu. Wateja walifurahi, na hospitali moja ikafunga mashine hizo wodi nzima.

Ndiko alikolazwa mama wa yule mwandishi wa programu. Muuguzi, akiwa hoi kwa uchovu, aligusa alama ya kutoa, ile ya hesabu, kabla ya kiwango. Mashine ikaandika sifuri na dripu ikaanza kwenda kinyumenyume. Ilianza kurudi dawa. Zikafuata supu ya jana, kicheko, nyimbo za kubembelezea watoto, na watoto wenyewe kwa majina. Binti alipofika, mto ulikuwa bado umebonyea na mfuko wa dripu umejaa pomoni.

"Mama yuko wapi?"

"Mashine inasema hakuna tatizo," alijibu muuguzi, akatandika kitanda.

Binti akaenda kwa mkurugenzi. Mpumbavu yule alipitisha macho kwenye kumbukumbu za mashine, sifuri juu hadi chini.

"Kungekuwa na kosa ingesema," alisema. "Pole, lakini. Pumzika kidogo."

Mfuko uliojaa hautupwi. Ulitundikwa kitanda cha jirani, kwa mwenye bucha mmoja mwenye masharubu mazito. Binti aliporudi wodini alimkuta ameketi, mzima kabisa. Mwanamume yule alimwita kwa mkono, akamwekea kola vizuri.

"Mwanangu, mbona umekonda hivi? Unakula lakini?"

"Nakula, mama."

Daktari alipita, akasoma sifuri, akamruhusu mgonjwa. Mke wa mwenye bucha alikuja na gari kumchukua mumewe, na binti akabaki mlangoni ameshika begi la nguo za mama.